Jaketi la mlimani: Patagonia, The North Face, Vaude au la Memorial?

Ujumbe uliingia saa nne usiku. "Kaka, nakuja Januari. Begi limebakiza nafasi ya kilo mbili. Nikubebee jaketi gani, Patagonia au North Face? Au la wale Wajerumani?" Dada huyu ni mtoto wa baba mkubwa, yuko Minnesota mwaka wa kumi na mbili sasa. Mimi naongoza wageni Kilimanjaro, na jaketi langu limekufa zipu.

Lingekuwa swali la bei na rangi tu, ningejibu palepale. Ila kampuni zote tatu hujinadi kwa kupunguza hewa ukaa, na anayepita pembeni ya barafu ya Kibo kila mwezi hawezi kusikia tangazo la namna hiyo akaendelea na chai yake. Kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima huu ulipoteza asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu. Wageni hufika kileleni wakiwa na picha ya kalenda kichwani, wanageuka, wananiuliza theluji iko wapi.

Basi nikakaa na ahadi za kampuni hizo jioni kadhaa. Nikaongeza chaguo la nne, mtumba wa soko la Memorial hapa Moshi, kwa kuwa ndilo wengi wetu hulivaa na hakuna anayelitangaza.

Kwanza, tunapima nini

Wanaohesabu gesi joto za kampuni huzigawa mafungu matatu. La kwanza ni unachochoma mwenyewe: magari, jenereta, tanuru. La pili ni umeme unaonunua. La tatu ni yote yaliyobaki: mafuta ya petroli yageuzwe nyuzi za poliesta, nyuzi zifumwe, kitambaa kitiwe rangi kwenye mapipa ya maji yanayochemka, mara nyingi kwa makaa ya mawe, kisha mashine za kushonea, meli, ndege, mpaka siku jaketi linatupwa. Kampuni hizi kwa sehemu kubwa sana hutegemea viwanda vya wengine, vingi vikiwa Asia, kwa hiyo fungu la tatu ndilo linalobeba karibu mzigo wote. Ukiambiwa "ofisi na maduka yetu yote yanatumia umeme wa jua", umepewa habari za taa. Ni jambo jema, lakini jaketi halikufumwa pale dukani.

Kipimo changu cha kwanza kwa hiyo ni ahadi yenyewe: inagusa fungu la tatu? Ni ya jumla au ya uwiano? Hapa pana mtego. Kampuni inaweza kupunguza moshi wa kila jaketi kwa robo, ikauza majaketi mara mbili, na moshi unaopanda angani ukazidi wa mwanzo. Lengo la uwiano litaonekana limetimia. Lengo la jumla litaumbuka.

Cha pili ni nani anaishika ahadi hiyo, kwa sababu mwaka 2030 au 2040 bosi wa leo huenda akawa amestaafu.

Cha tatu ni zipu. Sitanii. Shirika la WRAP la Uingereza lilikadiria kwamba nguo ikivaliwa miezi tisa zaidi, madhara yake kwa upande wa hewa ukaa, maji na taka hupungua kati ya asilimia 20 na 30. Jaketi la mlimani haliishi kwa kitambaa tu. Huanza kufa zipu, au mkanda uliobandikwa juu ya mishono kwa ndani, na hapo ndipo inapoamuliwa kama litatengenezwa au litatupwa.

Cha nne, linamfaa nani.

Patagonia

*Ahadi.* Mwaka 2019 walisema ifikapo 2025 watakuwa wamesawazisha hewa ukaa yao yote, fungu la tatu likiwemo. Mwaka huo ulipokaribia waliliweka lengo hilo kando na kuchukua lingine: sifuri halisi mwaka 2040, yaani wapunguze karibu yote kwanza, kisha ndipo wafidie kinachobaki. Mtu anaweza kusema wamesogeza goli. Mimi naona njia ya mkato ilikuwepo wazi, kununua vyeti vya fidia vya bei nafuu, yaani kulipia hewa ukaa ipunguzwe na wengine kwingine, na kutangaza ushindi, nao hawakuipita. Lakini kutopita njia ya mkato si sawa na kufika. Ripoti yao ya mwaka 2025 ilikiri kwamba gesi joto zao ziliongezeka kwa takriban asilimia 2 na kuzidi tani 180,000.

Ukweli wa namna hiyo ni desturi yao ya zamani. Novemba 2011, siku ya mauzo makubwa kule Marekani, walilipia ukurasa wa New York Times kuwaambia watu wasinunue jaketi lao, na jaketi lenyewe likapigwa picha. Walieleza kuwa flisi ile moja ilitumia lita 135 za maji na kutoa karibu kilo 9 za hewa ukaa, mara 24 ya uzito wake. Na hiyo ilikuwa flisi ya poliesta iliyorejelezwa kwa asilimia 60, kazi waliyoianza mwaka 1993 kwa chupa za plastiki. Wanaowakosoa husema tangazo lile liliwaongezea wateja. Sishangai.

*Anayeishika.* Yvon Chouinard aliianzisha Ventura, California, mwaka 1973. Septemba 2022 yeye na familia yake waliitoa kampuni mikononi mwao: hisa zote za kupiga kura, asilimia 2 ya hisa, zikaenda kwenye amana iliyoundwa kulinda malengo yake, na asilimia 98 zisizo na kura zikaenda kwa taasisi inayotumia faida kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Hakuna soko la hisa linalowagongea mlango kila miezi mitatu. Tangu 1985 pia hutoa asilimia 1 ya mauzo kwa vikundi vya mazingira, na ni ya mauzo, kwa hiyo hata mwaka wa hasara inatoka.

*Zipu ikifa.* Wana karakana kubwa ya matengenezo Reno, Nevada, na mpango wa Worn Wear wa kutengeneza na kuuza tena nguo zao zilizovaliwa. Ukiwa Minnesota, unaliweka kwenye bahasha. Ukiwa Moshi, unasubiri ndugu anayesafiri.

*Linamfaa nani.* Anayetaka ahadi iwe na mwenyewe anayejulikana, anayeishi karibu na huduma zao au ana mtu wa kubeba, na anayeweza kutoa dola mia kadhaa bila kukopa. Dada yangu mwenyewe, kwa mfano. Karakana ya Reno iko Marekani hiyohiyo anayoishi, na angenunua lililotumika la Worn Wear angekuwa amefuta nusu ya maswali yangu.

The North Face

*Ahadi.* Hapa hesabu ni ya familia nzima. Tangu mwaka 2000 The North Face ni mali ya VF Corporation, iliyo Denver, Colorado, na VF ndiyo inayoweka malengo. Yalipitishwa mwaka 2019 na SBTi, mpango wa kimataifa unaokagua kama lengo la kampuni linaendana na Mkataba wa Paris: kupunguza mafungu mawili ya kwanza kwa asilimia 55 ifikapo 2030, kutoka kiwango cha 2017, na fungu la tatu kwa asilimia 30, katika bidhaa wanazonunua na usafirishaji wake. Ni lengo la jumla, si la uwiano, na lina mwaka wa kuanzia na wa kumalizia. Kwa karatasi, ni safi.

Tatizo ni kuona ndani. VF ina Vans na Timberland pia. Moshi ukishuka kwa sababu viatu vya Vans vimedoda madukani, hesabu itapendeza, nawe utadhani jaketi lako ndilo limekuwa safi.

*Anayeishika.* Wanahisa. VF imekuwa na madeni makubwa miaka ya karibuni, na mwaka 2024 iliuza chapa ya Supreme kwa dola bilioni 1.5. Kampuni ya namna hii inaweza kutimiza ahadi, sheria na wawekezaji wakiibana, ila ahadi hiyo hulala chumba kimoja na deni.

Lakini mwanzo wa The North Face ni tofauti. Iliasisiwa San Francisco na Douglas Tompkins na mkewe Susie mwaka 1966. Huyo Tompkins ndiye aliyesafiri kwa gari na Chouinard mwaka 1968 kwenda kupanda Fitz Roy, kusini kabisa mwa Amerika, safari iliyompa Chouinard jina la kampuni yake. Baadaye Tompkins aliacha biashara, akanunua ardhi kubwa Chile na Ajentina ili iwe hifadhi, na alifia Chile mwaka 2015 mtumbwi ulipopinduka ziwani. Chouinard alikuwa naye kwenye safari hiyo. Unaposimama dukani ukilinganisha nembo mbili, unalinganisha marafiki wawili, mmoja aliuza mapema na mwingine alikaa nusu karne.

Kuna kisa kingine siwezi kukiruka. Mwishoni mwa 2020 kampuni moja ya huduma za mafuta ya Texas iliagiza majaketi 400 ya The North Face yenye nembo yake, ikakataliwa. Wenye mafuta hawakulala. Chama chao cha Colorado kiliipa The North Face tuzo ya "mteja wa kipekee", na Juni 2021 Chris Wright, bosi wa Liberty, kampuni nyingine ya huduma za mafuta, wakati huo na waziri wa nishati wa Marekani tangu 2025, alibandika mabango Denver akiwakumbusha watu kuwa jaketi lao zuri limetengenezwa kwa mafuta. Kejeli ilikuwa na mwenyewe, lakini kemia yake ilikuwa sahihi. Nailoni na poliesta hutoka kisimani. Jambo hilo linazigusa kampuni zote tatu katika ukurasa huu.

*Zipu ikifa.* Marekani wana dhamana ndefu ya kasoro za utengenezaji, na tangu 2018 mpango wa Renewed unaouza yaliyorekebishwa. Kwetu, faida yake ni ya aina nyingine: ndiyo chapa inayoonekana zaidi mlimani, kwa hiyo mafundi wameyazoea. Hasara yake ni hiyohiyo. Feki zake zimejaa, na feki haina ahadi wala kiwanda kinachojulikana.

*Linamfaa nani.* Anayetaka kitu kigumu, saizi zote, kinachopatikana kirahisi ng'ambo na mara nyingi kwa punguzo, na anayeridhika na lengo lililokaguliwa bila kudai kuona hesabu za chapa peke yake.

Vaude

*Ahadi.* Huku kwetu huiona zaidi kwenye migongo ya Wajerumani. Ni kampuni ya familia, ilianzishwa 1974 na Albrecht von Dewitz huko Tettnang, karibu na ziwa Bodensee, na tangu 2009 inaongozwa na binti yake, Antje. Makao makuu yao walisema yamesawazisha hewa ukaa tangu 2012, na tangu 2022 wakasema hivyohivyo kwa bidhaa zao zote, huku wakilenga kupunguza moshi wao kwa nusu ifikapo 2030.

Sasa neno "kusawazisha". Maana yake wamepunguza wanachoweza, na kilichobaki wamekilipia kwa vyeti vya fidia: mtu mahali fulani amepewa jiko sanifu, au msitu umeachwa usimame. Vyeti vya namna hii hutoka hata kwetu. Msitu wa Kasigau, upande wa Voi, Kenya, mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani kutoa vyeti vya miradi ya kuzuia ukataji misitu chini ya viwango vya kimataifa. Ugomvi uko kwenye hesabu. Unalipwa kwa miti ambayo *ingekatwa*, na nani alikuwepo huko kwenye *ingekatwa* akahesabu? Umoja wa Ulaya umechoka na mjadala huo: kwa sheria yake ya 2024, inayoanza kutumika Septemba 27, 2026, bidhaa haiwezi kutangazwa kuwa haina madhara kwa tabianchi kwa kutegemea fidia. Kwa hiyo ukisoma lebo ya zamani ya kampuni yoyote, tenganisha kilichopunguzwa na kilicholipiwa. Kwa Vaude, lile lengo la nusu ndilo la kufuatilia.

*Anayeishika.* Familia moja, mji mmoja. Ni ndogo kuliko hizo mbili, na udogo una pande mbili. Uamuzi ni wa haraka, ila kiwanda cha Asia kinachowashonea pia wakubwa kumi hakizimi boila la makaa kwa sababu Vaude imeomba. Inabidi washirikiane na wengine.

*Zipu ikifa.* Hapa nimewapenda. Wanauza vipuri na wametoa maelekezo ya kujitengenezea, hatua kwa hatua, kupitia iFixit, tovuti ya maelekezo ya ufundi. Fundi mwenye simu Moshi anaweza kuyafuata kwa picha hata kama hasomi Kijerumani.

*Linamfaa nani.* Aliye Ujerumani, Austria au Uswisi, ambako kulipata ni rahisi, na yeyote anayependa kutengeneza mwenyewe. Kwa dada wa Minnesota ni kutafutana na posta.

La Memorial

*Ahadi.* Hakuna. Hakuna ripoti, hakuna mwaka 2040. Ila moshi wa kulitengeneza ulishapanda zamani na hautapanda tena kwa ajili yako. Kilichoongezeka ni meli, na meli ikigawanywa kwa kila nguo ndani ya belo ni kidogo. Tusidanganyane hata hivyo: mtumba unaokoa kitu pale tu unapochukua nafasi ya jipya. Mwenye majaketi matatu akinunua la nne kwa kuwa ni elfu ishirini, hajaokoa chochote. Na kila belo lina sehemu yake ya takataka, ambayo mzigo wake tumeachiwa sisi na madampo yetu.

*Anayeishika.* Wewe na fundi wako.

*Zipu ikifa.* Fundi cherehani chini ya mwembe, jioni unalichukua. Tatizo ni jaketi lililokufa kabla hujalinunua. Juzi nilishika moja, jekundu, nje linang'aa. Nikaligeuza ndani, nikapitisha ukucha kwenye mkanda wa mshono: ukabanduka mzima kama ganda la kitunguu, na utando wa kuzuia maji ukadondoka unga mweupe juu ya viatu vyangu. Muuzaji akasema, "Hilo la kuvaa mjini, bro." Alikuwa mkweli. Kwa hiyo geuza ndani kwanza. Kisha nyunyizia maji ya chupa begani: yakijikusanya matone, dawa ya juu bado ipo, yakinywewa, dawa inaweza kupakwa upya, mradi utando wa ndani ni mzima. La manyoya ya bata likunje ngumi, uliachie. Lisipofumka, manyoya yamechoka. Jua pia kuwa majaketi mengi ya zamani yalipakwa kemikali za PFAS, zile zisizooza. Vaude ilizitoa kwenye nguo zake miaka kadhaa iliyopita, na Patagonia imeziacha kwenye bidhaa mpya tangu 2025.

*Linamfaa nani.* Mwenye jicho na subira. Usiku wa kwenda Uhuru, mita 5,895, baridi hufika nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi, kwa hiyo asiyejua kukagua asijaribu bahati huko.

Kwa hali yako

Kama unapanda mara moja maishani, usinunue. Moshi kuna maduka ya kukodisha vifaa, na jaketi moja la kukodi linapanda na watu wengi kwa mwaka. Katika hesabu ya hewa ukaa hakuna kampuni kati ya hizi inayolishinda.

Kama wewe ni mgumu, mpagazi, KPAP, shirika la kusaidia wapagazi hapa Moshi, huwaazima mavazi ya mlimani bure. Nenda na mapema kabla ya msimu, ya saizi kubwa huisha.

Kama unaishi Marekani na utalivaa miaka kumi, chaguo kati ya Patagonia na The North Face linategemea unachokiamini zaidi: mwenye mali aliyejifunga mwenyewe, au lengo la kampuni kubwa lililokaguliwa na watu wa nje. Vyovyote vile, anza na sehemu zao za nguo zilizorekebishwa. Uko Ulaya ya kati na una mkono wa ufundi, Vaude.

Kama unakuja kwa ndege kutoka mbali, ujue safari yako ya kwenda na kurudi inatoa hewa ukaa ya mamia ya majaketi. Sikuzuii, wageni ndio ada ya shule ya watoto wangu. Ila usikeshe ukichagua nembo halafu ukaja kwa siku tano, ukaondoka, ukarudi tena mwaka unaofuata kwa picha nyingine.

Na kama jaketi lako lipo, kitambaa kizima, mkanda umeshika, kilichokufa ni zipu tu, basi uko kama mimi. Nilimjibu dada asubuhi, baada ya kulipima kwa rula: "Dada, niletee vichwa vya zipu, YKK namba 5, viwili. Kilo mbili zilizobaki weka dawa za presha za mama."